Ndoo Yenye Kitambaa cha Kitenge

Wazo la kupanga ndoo lilikuwa langu. Nalisema mapema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa jirani yangu, maana yeye hajachoka kulisimulia mpaka leo.

Tangazo lilibandikwa kwenye geti la shule ya msingi ya serikali iliyoko bondeni, chini ya nyumba yetu hapa Goba. Uandikishaji wa darasa la awali ungekuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi. Mzazi aje na nakala ya cheti cha kuzaliwa, na kila mwanafunzi mpya alete ndoo moja na ufagio mmoja. Chini kabisa mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu: nafasi ni chache. Maneno hayo matatu niliyasoma mara nyingi kuliko tangazo zima. Redioni tunaambiwa kila siku kwamba mtoto akifika umri aende awali, ni haki yake, na ada hakuna. Sasa haki ya kila mtoto inakuwaje na nafasi chache? Niliuliza kwa sauti pale pale getini. Hakuna aliyenijibu, kwa sababu wote tuliokuwa tunasoma tulikuwa wazazi.

Mwanangu wa mwisho alikuwa ametimiza miaka mitano, na mwaka mzima nilikuwa namwambia akifika mitano ataingia shule. Mtu mwingine angesema akikosa mwaka huu si neno, lakini mimi nilikuwa nimeshaona kwa dada yake. Dada yake hakupita awali. Wakati huo tulikuwa tumepanga Kipawa, shule ya karibu haikuwa na chumba cha wadogo, na shule za kulipia sikuziweza. Mimi ni fundi cherehani tu. Akaingia darasa la kwanza moja kwa moja, akakaa na wenzake wanaoimba herufi, yeye penseli anaishika kama mwiko. Mwalimu akamhamishia nyuma. Akakaa huko nyuma mpaka akaamini ndiko kwake. Sasa yuko darasa la nne na bado akisoma anapitisha kidole chini ya kila neno, na akisikia mtu anaingia chumbani anafunga kitabu. Niliapa kwamba mdogo wake hatapitia hayo.

Jumapili alasiri nikateremka shuleni kuchungulia. Nilikuta wazazi kama kumi, nao wamekuja kuchungulia. Jirani yangu, mama wa Temeke aliyehamia huku juu na mdomo wake wote, alikuwa wa kwanza kusema tulichokuwa tunakiogopa.

"Kwa hiyo sie tulale hapa hapa? Mie na mgongo wangu huu?"

Ndipo nikasema tupange ndoo. Huku kwetu maji ni ya mgao. Siku ya maji unapeleka ndoo yako bombani mapema, unaiacha kwenye foleni, unarudi nyumbani kupika. Ndoo inasimama badala yako. Hakuna anayeigusa, na anayeiruka ndoo ya mwenzake atasemwa mtaa mzima. Kwa kuwa tangazo lenyewe lilitaka ndoo, niliona nimepiga ndege wawili kwa jiwe moja. Kila mmoja akaenda kwake akarudi na ndoo, tukazipanga kibarazani mwa ofisi, kuanzia mlangoni. Yangu nilikuwa nimeifunga kwenye mkono wake kipande cha kitenge cha bluu chenye maua ya njano, masalio ya gauni la mteja. Ilikuwa ya tatu. Wa tatu! Nilipanda kilima nikiimba.

Jumatatu nilimvisha mwanangu sare niliyomshonea mwenyewe, sketi ya bluu yenye marinda na shati jeupe. Njia nzima alikuwa anainua miguu juu ili vumbi lisishike soksi. Tulifika saa moja na nusu. Kibaraza kilikuwa kitupu, kimefagiliwa vizuri, hakuna hata ndoo moja. Mbele ya mlango kulikuwa na foleni ndefu ya watu ambao sikuwaona jana yake.

Nilimfuata mlinzi, mzee mmoja mpole ambaye Jumapili tulipopanga ndoo alikuwa hajaingia zamu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Baba, ndoo zetu ziko wapi?"

"Ziko stoo, salama kabisa," akasema, tena kwa fahari. "Mwalimu mkuu kaniagiza, ndoo za wanafunzi wapya zikija niziingize ndani. Nimezikuta zimepangwa mstari. Nikasema kweli wazazi wa mwaka huu wastaarabu."

Yule mzee hakuwa amekosea popote. Alikuta ndoo za wanafunzi wapya, akaziweka stoo, moja ndani ya nyingine. Foleni yetu yote ilikuwa imegeuka mnara mmoja gizani.

Nikahamia kwenye foleni ya watu. Nikawaeleza kwamba sisi tulitangulia tangu jana, mimi ni wa tatu, na mashahidi wapo. Baba mmoja aliyekuwa karibu na mlango akacheka.

"Ndoo gani tena, sista? Hapa bomba au shule?"

Hapo nikapandwa na hasira. Mimi hasira zangu ziko karibu, najijua. Nikamjibu, akanijibu, nikamjibu tena kwa maneno ambayo mwanangu hakupaswa kuyasikia. Nilidai mwalimu mkuu aje, nilidai stoo ifunguliwe, nilidai haki. Wakati wote huo wazazi wengine walikuwa wanaingia getini na kuunga foleni. Jirani yangu, yule mwenye mdomo, siku hiyo hakusema hata neno. Aliona ndoo hazipo, akaenda kusimama mwisho wa mstari. Nilipomaliza kugomba na kugeuka, mwisho wa mstari ulikuwa umefika kwenye choo cha wavulana.

Saa tano mwalimu wa awali akafunga daftari. Mtoto wa jirani yangu alikuwa ameandikwa. Mbele yangu walibaki watu saba. Wenzangu wakaondoka wakisonya, mimi nikasogea mpaka mezani.

"Mama, nisamehe," mwalimu akasema. Alikuwa binti mdogo, sauti imeshamkauka. "Chumba kimoja, mwalimu mmoja, ndo mie. Mkeka umejaa, wengine wanakaa sakafuni. Wa kwako nitamweka wapi, mapajani?"

"Hata mapajani," nikamwambia, na sikuwa natania.

Akainama. "Mwakani mlete tu darasa la kwanza. Wengi wanafanya hivyo, mama."

Najua wanavyofanya. Ninaye mmoja nyumbani. Nilitaka kumkasirikia yule binti nikashindwa, maana shati lake lilikuwa limelowa jasho na bado alikuwa na siku nzima ya watoto wale peke yake. Ningemkasirikia nani? Mzee wa watu na stoo yake? Aliyeongea redioni simjui nyumba, na hata ningeijua, hatuna foleni moja. Basi nikarudi nayo hasira yangu kilimani, nikaikalia kwenye cherehani, na siku hiyo nilivunja sindano mbili.

Ndoo sikwenda kuidai. Niliona aibu.

Wiki mbili baadaye nilikuwa napeleka nguo ya mteja bondeni, mwanangu nimemshika mkono. Tukapita kwenye uzio wa shule saa ya uji. Watoto wa awali walikuwa wamepanga mstari, wananawa mikono mmoja mmoja kwenye ndoo iliyowekwa juu ya tofali. Kitambaa cha bluu chenye maua ya njano kilikuwa bado kinaning'inia kwenye mkono wa ndoo hiyo, kimelowa.

Mwanangu akasimama, akashika waya wa uzio.

"Mama, ile si ndoo yetu?"

"Ndiyo."

Akauliza, bila kununa, kama anayetaka kujua tu:

"Yenyewe walisema ina miaka mingapi?"