Sahihi Niliyoifuta Kabambare

Siku ya kwanza katika maabara ya Kasongo nilifika na diploma ndani ya bahasha, koti jeupe lililopigwa pasi, na dharau ya kutosha. Shefu wa labo alinikalisha mbele ya mikroskopi, si mbele ya mashine mpya ya kuhesabu damu.

"Weye wa yuniversite, anza hapa. Macho kwanza, mashine nyuma."

Nilicheka moyoni. Mashine ilimaliza kwa dakika chache kazi ya shefu ya asubuhi nzima!

Miaka ikapita, nikapelekwa Kabambare, nikawa shefu mimi. Asubuhi moja akaletwa mkulima kutoka Wamaza, mama mjamzito, mtoto amelala kombo tumboni. Ilibidi apasuliwe. Mashine ikasema chembe sahani zake, zile ndogo zinazoziba jeraha, ni chache mno. Nikatia kwenye karatasi ya majibu sahihi yangu ndefu, yenye mikia miwili.

Daktari akasoma, akaketi. "Nikimupasua, damu yote itaishia hapa kwa meza. Apelekwe Kasongo."

Kwa pikipiki, barabara ile! Mumewe akaanza kufunga godoro juu ya kiti.

Lakini mama hakuwa na doa lolote la damu, si kwenye fizi wala ngozini. Hilo likanisumbua. Nikapaka tone la damu yake iliyobaki kichupani kwenye kioo, nikalitia rangi, nikainamia mikroskopi. Wee! Kila chembe nyeupe ilikuwa imezungukwa na chembe sahani, kama watoto wanaozingira chungu cha mboga ya sombe. Zilikuwapo! Dawa ya kichupani, inayozuia damu isigande, ndiyo iliyozinatisha, na mashine ikazipita bila kuzihesabu.

Nilitoka mbio, kandambili moja ikabaki mlangoni. "Zimeni pikipiki!"

Nikamchoma mama kidole, tone likaenda kiooni moja kwa moja, bila dawa. Chembe sahani tele! Daktari akachungulia, akaenda kunawa mikono.

Kabla ya adhuhuri mtoto alilia.

"Sasa damu yangu ilikuwa na nini?" mama aliniuliza kesho yake.

"Damu yako iko muzuri, mama. Kichupa njo kilikuwa na mambo."

"Na ile karatasi ulitia sahihi mukubwa vile?"

Nikaichukua karatasi ile. Nikatoa kalamu, nikaifuta sahihi.

Macho yangu ndiyo yaliyonistaafisha, mapema kuliko nilivyopanga. Karatasi ile yenye sahihi iliyofutwa nilimwachia shefu mpya, binti wa Nyangwe mwenye diploma na dharau kama yangu. Nikamwonyesha pa kuibandika: juu ya mashine, usawa wa macho.