Jina Nililokataa Kuliombea

Leo nimekataa kuombea mtu, tena kwa sauti, mbele ya kina mama wote.

Kila Jumamosi asubuhi tunaombea vijana walioguswa na vurugu hapa Mukuru. Kila mama anaandika jina kwenye karatasi, anaikunja, anaitia kwenye sufuria. Halafu kila mmoja wetu anaokota moja na kuliombea jina alilopata.

Jua lilikuwa la upole. Shuka zilizoanikwa kwenye ua wa ploti tunayoishi zilipepea juu yetu, tukiimba chini chini, hadi nikahisi kama naelea.

Nikafungua karatasi yangu.

Kevo.

Kevo huyu huyu aliye rumande kwa kumuua Brayo kwa kisu! Na Mama Brayo ameketi hapo kando yangu, jamani!

Nikaropoka, "Huyu simwombei! Nani ameandika hili jina?"

Wimbo ukakatika. Shuka zikaendelea kupepea tu.

Mama Brayo akanishika mkono.

"Mama Shiru, ni mimi niliyeliandika. Huyo hana mama wa kumwandika."

Nikafumba macho. Yeye ndiye aliyeanza kuomba, mimi nikamfuata neno kwa neno.

Niambieni ukweli, nyinyi mngeweza?