Negativu Zimo Ndani

Kwa Bi Hamdiya, Kinondoni, ipo albamu ya harusi isiyo na bibi harusi. Kurasa za mwanzo utamwona bwana harusi na kanzu yake nyeupe, amezungukwa na wajomba. Utaona masinia ya pilau na vichwa vya wanaume vimeinama juu yake. Kisha zinakuja kurasa tupu, moja baada ya nyingine, nailoni zake hazijafunuliwa hata mara moja. Mwisho ni uwanja wa ndege, na mtu aliyejifunika baibui gubigubi, anapunga mkono. Huyo ndiye Khulud, bintiye, bibi harusi mwenyewe. Mgeni akiuliza kurasa zile zimeachiwa nini, Bi Hamdiya hujibu, "Hiyo ni kazi ya Somoe," kisha hummiminia kahawa.

Somoe mwenyewe akiisikia habari hiyo huwa wa kwanza kucheka. Amegundua kwamba ukiwahi kujicheka, wenzako unawaachia makombo tu.

Alirithi kazi ya kupiga picha kwa baba yake, mzee Mwishehe, aliyekuwa na studio Temeke. Mzee alimwachia kamera, pazia lililochorwa maua, na chumba cha giza cha kusafishia picha, ambacho zamani kilikuwa choo. Miaka ya tisini ilipoingia, mjini yakafunguliwa maduka ya kusafisha picha za rangi, unapeleka mkanda na baada ya saa moja unaondoka na picha zako. Wapiga picha wa Temeke wakafunga vyumba vyao vya giza, wengine wakafugia kuku. Somoe hakufunga, na sababu ilikuwa mabibi harusi.

Kwenye nyumba za watu wa pwani na za Waarabu, siku ya hina na siku ya kumtoa bibi harusi ni za wanawake watupu. Nywele ziko wazi, mabega yako wazi, na mashangazi wanacheza namna ambayo waume zao hawaijui. Kule madukani mjini, picha zilipita mikononi mwa vijana wa kiume, zikitiririka toka mashineni mbele ya kila mpita njia. Kwa Somoe zilikuwa nyeusi na nyeupe, lakini hakuna jicho la mwanamume lililoziona. Alipiga mwenyewe, akasafisha mwenyewe, akachapa mwenyewe, akampa mama wa binti mkononi picha pamoja na negativu zake, vile vipande vya mkanda vinavyochapiwa picha. Kwa ajili ya hilo alifunguliwa milango ya ndani ambayo hata mafundi wa mapambo waliishia kizingitini.

Hila alikuwa nazo pia. Mashangazi waliotaka kupigwa kila dakika aliwapiga kavu: taa inawaka, mkanda haupo. Wakiulizia picha zao, aliwaambia walifumba macho.

Mwaka tisini na nane mdogo wake Anwar akaja likizo kutoka Maskati, akamletea kamera isiyotumia mkanda. Ilikuwa pana kama redio ya mkono, na tumboni ilimeza disketi, zile zile za kompyuta za maofisini. Siku ya kwanza Somoe alijifunika kanga kichwani ndipo akaitia disketi.

"Dada, unaumwa?" Anwar akauliza.

"Nyamaza. Mwanga utaiunguza."

"Haina cha kuungua hiyo."

"Unanifundisha mie kamera? Wewe uliyekuwa ukikata watu vichwa?"

Anwar alimweleza vitufe vyote, cha kupiga, cha kutazama, cha kufuta. Somoe aliitikia kila neno, huku macho yake yakipima mwanga ulivyomkalia mdogo wake shavuni. Alichobaki nacho kichwani ni kwamba Anwar amenenepa. Wiki iliyofuata Anwar akarudi Maskati, na Somoe akaenda na kamera ile mpya peke yake kwenye hina ya Khulud. Ile ya mzee Mwishehe aliiacha nyumbani, maana alitaka aonekane mtu wa kisasa.

Na alionekana. Kila alipobonyeza, picha ilitokea papo hapo kwenye kioo cha nyuma, tena ya rangi. Wanawake wakamzonga. Shangazi mmoja aliyezoea kupigwa kavu akajiona kwa mara ya kwanza. "Kumbe macho huwa nayafumbua," akasema, na Somoe akajifanya anafuta jasho.

Khulud akatolewa na vazi la kijani, nywele zimemwagika mgongoni, hina imempanda hadi viwikoni. Somoe alimpiga akiwa amekaa, akiwa amesimama, akiwa analia na kucheka na mama yake. Anasema hadi leo kwamba hajawahi kupiga picha nzuri kama zile, na hakuna wa kumbishia.

Bi Hamdiya akaja kutazama. Akamwona mwanawe anang'aa ndani ya kioo, mabega wazi, na uso wake ukabadilika.

"Somoe, kitu hiki kinawaka hivi hivi tu?"

"Unabonyeza hapa, kinawaka."

"Na akibonyeza mwanamume?"

Nje uani walikuwa wamejaa wajomba na wapiga ngoma, na Somoe asingeweza kufika barabarani bila kupita katikati yao. Zamani angepita na mkanda, na mkanda ni giza tupu hadi uoshwe. Leo alikuwa amebeba sebule nzima ya wanawake ndani ya kitu ambacho mtoto yeyote angeweza kukiwasha.

"Wasiwasi wa nini, shoga," akasema, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa studio. "Nazifuta hapa juu. Negativu zimo ndani."

Akakibonyeza kile kitufe. Kamera ikamuuliza kwa Kiingereza kama ana hakika. Kamera ya baba yake haikuwahi kumtilia shaka, na hilo lilimuudhi kidogo. Akabonyeza kwamba ndiyo, zote. Kioo kikawa cheusi. Wanawake wakashusha pumzi, Bi Hamdiya akamkumbatia, na Somoe akapita katikati ya wajomba kichwa juu.

Jumatatu akaipeleka disketi kwa Kokuberwa, mwanamke wa Bukoba mwenye ofisi ya kuchapa barua hapo hapo Kinondoni. Alimchagua kwa kuwa ni mwanamke, na akamwomba afunge mlango. Kokuberwa akaichomeka.

"Mama, humu hamna kitu."

"Zimo ndani. Tafuta negativu."

"Negativu gani?"

"Picha nilizifuta juu. Za chini zipo."

Kokuberwa akamgeukia pole pole. "Mama, hii haina chini."

Khulud alikuwa ameondoka alfajiri ile kwenda Maskati kwa mumewe. Hina ingechujuka kabla ya mwezi kwisha. Somoe alikaa kwenye benchi la wateja, akawaza kumwambia Bi Hamdiya kwamba binti alifumba macho.

Alikwenda kumwambia ukweli. Bi Hamdiya alisikiliza hadi mwisho, ameshika ushungi wake.

"Kwa hiyo hakuna mwanamume atakayeziona."

"Hakuna."

"Wala mie mama yake."

Bi Hamdiya hakumfukuza, wala hakumkaribisha kahawa, na kwa watu wa nyumba ile hilo la pili linatosha. Habari ikazunguka Kinondoni ikarudi Temeke imenona. Kwenye shughuli walisema ukitaka siri yako itunzwe, mpe Somoe, ataitunza hata wewe usiione. Msimu mzima wa harusi ukapita hakuna aliyemwita.

Basi akaenda kujifunza, umri wa miaka arobaini na tisa, kwenye benchi lile lile la wateja. Kokuberwa alimfundisha kunakili disketi kabla ya lolote lingine, na kila mara mkono wa Somoe uliposogelea kitufe cha kufuta alimpiga kofi dogo. Akapiga picha kuku, ndoo, na Kokuberwa akila maandazi. Akaharibu nyingi. Kwa mazoea bado alibana pumzi kila alipobonyeza, kana kwamba mkanda unaisha.

Wa kwanza kumrudia alikuwa Bi Hamdiya, hina ya binti wa pili, Naima, ilipokaribia. Alitoa sharti: picha zichapwe yeye akiwa amekaa hapo hapo, na disketi aondoke nayo. Baada ya hina wakajifungia ofisini kwa Kokuberwa, wanawake watatu, pazia limeshushwa. Picha ya kwanza ilipoanza kutoka kwenye printa, mstari kwa mstari, nywele kwanza, Bi Hamdiya akaweka mkono mdomoni.

"Kumbe inatoka na rangi ya hina," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Hata ya yule ingetoka."

"Ingetoka," Somoe akajibu.

Sasa Somoe amepanga chumba cha nyuma cha ofisi ya Kokuberwa, na mlangoni pana kibao kisemacho wanawake tu.