Niliambiwa Maji Moto, Nikaleta Majimoto

Ndugu wasomaji, kosa ni langu. Sikurogwa, sikutumwa, wala sikuwa nimelewa. Nasema mapema kwa sababu kwetu Kwale mtu akikosa hutafuta kwanza jini wa kumsingizia. Mimi nilimsingizia mtu, na hilo ni baya zaidi.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Uhuru. Wazungu waliokuwa wakifunga virago waliuza vitu vyao, na wakubwa wetu wapya wakavinunua, hata visivyowafaa. Mmoja wao, afisa kutoka bara aliyeletwa kufanya kazi kwetu, alinunua karavani, ile nyumba ya bati yenye magurudumu inayovutwa na gari. Akaiegesha Diani chini ya minazi, akaniajiri mimi niilinde. Jamani, mtu huyu alikuwa na nyumba ya mawe ya serikali, yenye vyumba na feni. Lakini kila Jumamosi aliiacha akaja kulala ndani ya bati, magoti yakigusa kidevu, kwa kuwa mzungu aliyemuuzia alikuwa akifanya hivyo.

Mimi wakati huo nilikuwa nimechumbia. Msichana aliitwa Mwanamkasi, wa Msambweni, nami nilimpenda hata nikisikia jina lake nasahau nilikuwa nakwenda wapi. Kikwazo kilikuwa baba yake.

"Mwanangu," aliniambia, "nyumba unayoilinda ina magurudumu. Siku ikivutwa, na kazi yako imevutwa. Lete kazi yenye msingi, nami nitakupa mke."

Afisa naye alikuwa ameniahidi kazi ya utarishi ofisini kwake nikimridhisha. Basi mmeona wenyewe, harusi yangu yote ilikuwa imening'inia kwenye karavani ile.

Kisha wakaingia sisimizi. Afisa alikuwa akificha sukari, mikate na jemu chini ya kitanda, na sisimizi hawaogopi cheo. Walipanga foleni kutoka mlangoni hadi kwenye mto wake wa kulalia. Nikamwaga majivu, wapi. Nikaweka makopo ya mafuta ya taa chini ya miguu ya karavani. Wao wakapitia juu, kwenye kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa mnazini, nami kamba hiyo sikuitazama mpaka mambo yalipokwisha kuharibika.

Siku moja afisa akatoka akijikuna shingo.

"Wewe mtu ya pwani," akasema, "Jumamosi nakuja na mkubwa yangu kutoka Nairobi, na bibi yake. Weka maji moto kwa hiyo mahali yote, hawa wadudu waishe. Nikikuta hata moja, hakuna kazi."

Sasa sikilizeni. Kwetu majimoto ni wale wadudu wekundu wa mitini, jamaa ya siafu, wanaoshona majani wakafanya viota. Wakikuuma utajua kwa nini wameitwa hivyo. Na mtoto yeyote wa Kidigo anajua kwamba penye majimoto, sisimizi hawakai. Nikamtazama afisa kwa heshima mpya. Kumbe hawa watu wa bara wamesoma mpaka dawa zetu! Maji ya sufuriani hayakunipitia akilini hata kidogo.

Ningemuuliza, "Bwana, majimoto yapi?" ningepata aibu ndogo tu. Lakini nilitaka nionekane mtu anayeelewa agizo mara moja, kama tarishi. Ujuaji ule, wallahi, umeniponza.

Nikamwendea Hamadi. Huyu alikuwa mgema, akigema pombe ya mnazi kwenye minazi ileile, na alikuwa kaka yake mkubwa Mwanamkasi. Nikamwomba anikatie viota vya majimoto kwenye mkorosho.

"Vya nini?"

"Vya kutia ndani ya karavani. Bwana ameagiza."

Akanitazama. "Shemeji, amekwambia kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake."

"Mimi ningemuuliza tena. Lakini haya, nyumba ni yake na makalio ni yake."

Akavikata, akaumwa mikono yote miwili kwa ajili yangu, wala hakutaka hata ahsante.

Na sisimizi waliisha, nisiwafiche. Kufika Ijumaa hakuwako hata mmoja. Majimoto nao walikuwa wamejipatia makao kwenye mapazia na chini ya mito ya viti. Nikafunga mlango kwa furaha, nikaenda kunyoa nywele.

Jumamosi mkubwa wa Nairobi akafika amevaa suti na tai, ufuoni, kwenye jua lile. Wakaingia, wakaketi. Kwanza nilisikia sifa. Kisha karavani ikaanza kutikisika. Mkubwa akatokea dirishani, suruali mkononi. Mkewe akapita mlangoni na pazia mabegani. Afisa wangu alikawia ndani kwa adabu, akingoja wakubwa watangulie, na adabu ile aliilipia mwili mzima.

"Nani ameleta hii wadudu?" akafoka. "Mimi nilisema maji. Maji ya kuchemka!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Ningesema nimekosa. Ningepiga magoti. Badala yake nikamwona Hamadi juu ya mnazi, anacheka, nami nikanyoosha kidole.

"Ni yule mgema, bwana. Ana kinyongo na karavani yako."

Hamadi akashuka, akaeleza ukweli wote. Lakini mikono yake ilikuwa bado imevimba kwa kuumwa, na uvimbe ule ndio uliofanywa ushahidi. Askari wakaitwa, wakamfungia. Alipotoka, akakuta vibuyu vyake vimevunjwa na minazi ile amekatazwa.

Mimi nikapewa kazi. Afisa alisema mimi ni mwaminifu. Nikavaa sare ya kaki, nikaenda Msambweni kuonyesha msingi wangu. Mwanamkasi ndiye aliyetoka barazani.

"Kaka ameniambia. Sasa niambie wewe."

Nikasema palitokea kutoelewana.

"Nani hakuelewana na nani? Wewe na mdomo wako?" Akaingia ndani. Posa yangu ikarudishwa kesho yake, naye baadaye akaolewa Kikoneni. Nililia kama mtoto, na sare yangu mwilini.

Lakini hilo silo linaloniamsha alfajiri. Baada ya miezi kadhaa Hamadi alikuja ofisini kuomba ruhusa ya kugema kwingine. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni, na bila mimi mtu hapiti. Akavua kofia. Mtu aliyenizidi umri, ambaye mimi ndiye wa kumwamkia, akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo, bwana."

Hakunikejeli. Alitaka kupita tu. Makarani walikuwa wakitazama, nami nikaona haya kuinuka.

Nikajibu, "Marahaba."

Nyinyi mnaosoma, chekeni, ni haki yenu. Lakini usipoelewa neno, uliza, kwani ujinga wa kuuliza huisha siku ileile. Na ukimwonea mtu, mwendee mapema umwombe radhi, kabla hajalazimika kukuamkia.