Kufuli la Specioza

Specioza Manyanda alihitimu stashahada ya kompyuta tarehe 24 Novemba 2021. Katika kijitabu cha mahafali jina lake ni la kumi na moja. Baba yake, mfugaji aliyehama na ng'ombe wake kutoka Meatu, amekibandika ukutani sebuleni kwao, Kawajense.

Programu aliyoiandika husoma mizani mbili za ng'ombe katika mnada wa Mwamkulu. Kila mizani ina uzi wake, yaani sehemu ya programu inayofanya kazi sambamba na mwenzake. Minada miwili mfululizo programu ilizimika huku foleni ya ng'ombe ikiwa katikati. Selestine, katibu wa mnada, hakuzungusha maneno: "Dada, Jumamosi ikizima tena, tunarudi kwenye daftari."

Alhamisi Specioza aliweka zana ya kukagua kumbukumbu ya kompyuta. Zana hiyo haiwezi kuhudumia nyuzi mbili mpaka uipe kufuli, ili uzi mmoja usubiri mwingine utoke. Tena unaitajia namba: maombi mangapi ya kumbukumbu, yaani programu kuomba nafasi ya kuhifadhi vitu, yapite kwanza ndipo ianze kufunga kufuli. Specioza aliandika sifuri. Programu ikafa kabla haijawaka. Akaiendesha tena mara tano, sifuri ile ile.

"Mbona huachi hata ombi moja lipite?" aliuliza Mzee Manyanda, aliyekaa kando akimsikiliza akieleza, huku akibangua karanga.

"Naogopa fisi, baba."

Mzee alicheka mpaka karanga zikamwagika. Utotoni Specioza ndiye aliyefunga lango la zizi, na alilifunga mapema kuliko mtoto yeyote pale kijijini.

"Ulimfungia dume langu nje, mayu. Akalala porini!" alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwao Meatu.

"Si alirudi?"

"Alirudi na nusu mkia!"

Nyuzi huhitaji muda mfupi kujiandaa. Ukiita kufuli kabla ya hapo, halipo, na programu inakufa. Specioza akajaribu kumi, ikafa. Ishirini, ikawaka. Dakika nne baadaye zana ikamwonyesha mstari wa 212: mizani moja ilikuwa ikiachia sehemu ya kumbukumbu ambayo nyingine bado inaisoma. Aliurekebisha mstari huo, kisha akaiendesha programu kwa vipimo vya mnada uliopita mara mia mbili. Haikuzimika.

Jumamosi saa mbili asubuhi mizani zote mbili zitawashwa. Selestine atakuja na daftari lake kwapani. Ng'ombe wa kwanza kupimwa atakuwa wa Mzee Manyanda.