Haradali Tuliyoizika Ikichanua

Mama yangu hana mchezo na nyanya. Ukimkuta shambani asubuhi akikagua majani, usimsalimie kwanza, ngoja amalize. Mimi mwenyewe, bintiye wa mwisho, nimeshakaripiwa kwa salamu ya mapema. Kishamba chetu kiko nyuma ya nyumba, hapa mjini Baraka, upande wa ziwani, na tangu baba afariki ndicho kinachomtoa kitandani. Wala sitii chumvi.

Sasa nyanya zikaanza kufa. Jua halikuwa na hatia. Zilikuwa kijani, zimeanza kutoa maua, halafu mchana zinalegea zote, na kesho yake umwagilie usimwagilie ni mamoja. Msimu wa kwanza tukasema ni bahati mbaya. Ikatokea tena, na tena. Yaya, kaka yangu mkubwa anayefanya biashara kwenye machimbo ya Misisi, akasema ugonjwa umeshaingia ardhini, na yeye anatafuta mahali pa kujenga, kwa nini asipewe pale? Hakusema kwa ubaya. Mama alimjibu kwenye simu kwamba atajaribu msimu mmoja tu, zikilala tena ajenge. Baada ya hapo alikwenda kukaa shambani mpaka giza likaingia, nami nikakasirika kwa niaba yake, maana hasira yangu haikai mbali.

Dawa ilikuja na jirani. Ni mama wa Burundi aliyekimbilia huku zamani, analima kipande kinachopakana na chetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alifungua fundo kwenye ncha ya kitenge chake, tukaona vijimbegu vya mviringo, rangi ya kahawia. Akasema ni haradali. Inapandwa pale nyanya zinapofia, inafunika udongo, inaachwa mpaka itoe maua, kisha inakatwa ingali mbichi, inakatwakatwa na kufukiwa siku hiyo hiyo. Ukali wake ndio unaosafisha udongo. Ikiachwa ikakomaa, shina linakuwa gumu, ukali umepungua, na mbegu zinamwagika kila mahali.

Katika maelezo yote hayo mama alisikia neno moja. Sisi ni watu wa kanisa, na haradali tumeisikia kwenye mahubiri tangu utotoni, ile mbegu ndogo inayokuwa mti mpaka ndege wanapata pa kukaa. Kwa macho hakuna aliyewahi kuiona.

"Ni ile ya kanisa?" mama aliuliza.

"Ni haradali, mama," jirani alijibu, naye hakuona sababu ya kubishana na mtu mzima.

Ilikua upesi hata magugu hayakupata nafasi. Majani yake machanga tuliyapika na ndagala, dagaa wa ziwani, na mawese, yakatupanda puani. Mama alifuta machozi kwa mkono, akaongeza bugali. Siku ya ibada bamama wa kanisa walipitia nyumbani kuitazama. Walizunguka kishamba polepole, wakisema kwa sauti ya chini, kama watu waliokuja kuona mtoto mchanga. Mama alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake siku nyingi, na mimi nilifurahi kumwona hivyo.

Kisha maua yakatoka, ya manjano, shamba zima. Nikanoa panga.

"Weka panga chini," mama aliniambia. "Haiyakuwa muti bado."

"Mama, hii haiwezi kuwa muti. Mwisho wake ni hapa ku kifua."

"We umeiona wapi? Batu ya kanisa beko nangoja muti."

Nilisema, nikanuna, nikagonga masufuria. Nilimkumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, akanijibu kwamba maneno hayo nimeyatoa kwake. Siku zikapita. Chini ya maua maganda ya mbegu yalianza kuonekana, na nilipoyaona niliogopa. Akilini nilishamwona yaya akipiga mstari wa ukuta wake pale pale, na mama asubuhi akitoka nje asiwe na pa kwenda.

Nilimwita jirani. Alikuja, akachuchumaa karibu na mama.

"Mama, tukingoja sana itakuwa kuni. Na nyanya tutapanda wapi?"

Mama aliyatazama maua. "Mi nimezika batu mingi," alisema. "Hii inatoa maua mu shamba yangu, na munaniambia niizike."

Kumbe habari ya mti haikuwa yote. Hasira yangu iliisha hapo hapo. Jirani alimshika mkono, kwani naye anao aliowaacha chini ya udongo wa kwao.

Asubuhi yake mama aliniamsha kwa kunivuta mguu. Alikuwa na panga.

"Ndege bamefika," alisema.

Nilitoka kuona. Vilikuwa vindege vidogo vya kawaida, vimeng'ang'ania mashina ya haradali yaliyoinama kwa uzito wao, kila kimoja kikihangaika kisianguke. Sikucheka, ingawa ilinibidi kujikaza.

"Bamekaa. Imetosha," alisema mama. "Leta majembe, na uite jirani."

Tulikata, tukakatakata, tukafukia kabla jua halijawa kali. Harufu ilichoma macho. Mama alilia tangu mwanzo wa tuta la kwanza hadi mwisho wa kazi, akasema ni haradali, na sisi tukakubali kwamba ni haradali.

Tulimwagilia udongo, tukauacha utulie, ndipo tukahamishia miche. Nyanya chache za pembeni zililala, mama akazing'oa. Nyingine zilivuka umri ule wa kufa, zikaanza kufunga matunda madogo, magumu. Nilikwenda kuyagusa kila siku, nikijificha nisikaripiwe.

Yaya alifika kutoka Misisi na pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi, kwapani amebeba vigingi na kamba za kupimia msingi. Alikuwa amesikia habari za zile zilizokufa. Mama alikuwa ameinama akipalilia.

"Mama, banasema zingine zimelala."

"Zingine zimelala. Zingine hizi, angalia."

Aliziangalia. "Sasa mi nitajenga lini?"

Mama hakuinua mgongo. "Utajenga siku mi nitakuwa chini ya hii udongo. Leo ningali juu yake."

Mama akainuka, akavitoa vile vigingi kwapani mwa yaya, akavipima kwa macho kando ya mche, akamrudishia. Vilikuwa vifupi kidogo, lakini nyanya nazo zilikuwa bado fupi. Yaya alipiga magoti akaanza kuvichomeka kando ya kila mche, na mama akawa anamkatia kamba za kufungia.