Mkono Uliokaa Bapa

Siku yangu ya kwanza kama muuguzi kwenye kliniki ya kifua, Thika, Sista Msimamizi alinipa rula. "Usipime wekundu. Gusa kwa kidole, upime uvimbe."

Kila mgonjwa alidungwa protini za mdudu wa TB ndani ya ngozi ya mkono, akarudi siku ya tatu. Mwili uliowahi kukutana na mdudu huyo ulivimba hapo.

Nilimuuliza Daktari wa kliniki kwa nini. Angeweza kunifukuza, lakini alinieleza, na hilo nampa haki yake. "Kwenye damu kuna askari, seli T. Askari hawezi kumtambua mdudu mzima. Chembe nyingine humeza mdudu, ikamkatakata, ikamwonyesha askari kipande. Kila askari anajua kipande chake tu. Akikitambua, bado anangoja ishara ya pili kwa huyo mletaji. Ndipo anaamka, anazaana. Baadaye wengine hubaki wakikumbuka. Uvimbe ni wao wakiitana."

Nilielewa nusu. Nikaona nimesoma.

Miaka ya tisini nikahamishiwa Ruiru. Wambui, mchuma kahawa, alikuja amekonda, anakohoa miezi miwili. Nikamdunga; siku ya tatu mkono wake ulikuwa bapa kama meza. Nikaandika sifuri.

"Mkono ni safi, mama."

Akacheka. "Sasa hii kikohozi ni ya nani? Ya jirani?"

Afisa Tabibu alisoma kadi yangu, akampa dawa ya maji ya kifua. Hakuagiza makohozi yapimwe. Mimi pia sikumkumbusha.

Wambui alirudishwa na mama yake, amebebwa kwa shuka. Makohozi yalijaa wadudu. Hakumaliza wiki.

"Aliambiwa mkono ni safi," mama yake alisema. "Ni nani alimwambia?"

Afisa Tabibu alinitazama, akaigeuza kadi kifudifudi. Mpaka leo sijui kama alinificha mimi au alijificha mwenyewe.

Nilirudi Thika kumuuliza Daktari. Alisema huenda Wambui alikuwa na ukimwi, nao huua askari hao hao. "Wakiisha, nani atavimba?"

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliuliza kwa nini mkono unavimba. Hukuuliza kwa nini hauvimbi."

Tangu siku hiyo, chini ya kila sifuri niliandika: *apimwe makohozi*. Wengine walipona kwa maneno hayo mawili. Sijui kama yanafuta kitu.

Nimestaafu, nafuga mbuzi Gatuanyaga. Siku za soko nakutana na mama yake Wambui. Ananishika mkono kwa mikono yote miwili, ananiita daktari, ananishukuru kwa kuwa niliwashughulikia.

Namwambia asante, mama.